Bipu ya Saa Moja

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Simu ya mama ililia akiwa bado ameishika mkononi. Mtu wa ofisi ya hali ya hewa ya Mbarara akamwambia aje leo leo, na aje na ufunguo.

Ufunguo ulikuwa wa stesheni ya mvua. Iko nyuma ya mashamba yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, karibu na ziwa: uzio wa waya, mlingoti, sola, kopo kubwa la kupokea mvua, na sanduku la chuma lenye mashine inayoandika kila saa mvua imenyesha kiasi gani na ziwa limepanda mpaka wapi. Ndani ya sanduku kuna modemu, nayo ina laini ya simu kama mtu. Saa moja kamili kompyuta ya Mbarara inaipigia, modemu inapokea, namba zinakwenda. Mama ndiye aliyekuwa mlinzi. Alifuta vumbi kwenye sola, alitoa majani kwenye kopo, alifukuza mbuzi. Ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye barua na muhuri tangu tuvuke mpaka kutoka Kivu ya Kusini kuja Uganda. Barua aliiweka ndani ya Biblia, na wageni walionyeshwa hata kama hawakuuliza.

Kubipu hakuna aliyemwagiza. Ni desturi yetu. Ukitaka kujua kama ndugu yako ameamka salama, unampigia, simu inalia mara mbili, unakata. Ikilia, yupo. Kupokea bipu ni ukosefu wa adabu, maana unamlia mwenzio salio. Basi mama alibipu stesheni kila asubuhi, saa moja kasoro kidogo, kabla ya kushika jembe. Jirani yetu Mrundi alikuwa anampigia kelele kutoka upande wa pili wa ua: “Mama Mvua! Mume wako wa chuma ameamka?” Mama anajibu: “Ameamuka, na hanisumbuwi kama wako!”

Modemu ya zamani ilingoja milio mitano ndipo ipokee. Mama alikuwa amekata zamani. Halafu radi ikaiunguza, na fundi akaja kutoka Mbarara na nyingine.

Siku hiyo mimi nilishika kompyuta yake. Nipo Senior Four, yaani kidato cha nne, na watu wakiniangalia natokwa jasho, lakini kwa mashine sioni haya. Alinionyesha kuandika amri, herufi chache na namba, na modemu ikajibu kwamba imekubali. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Tukafika kwenye milio. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Ngarama, naye alikuwa na haraka.

“Andika moja,” akasema.

“Ile ya zamani ilikuwa tano.”

“Moja, moja. Kila tukijaribu tutangoja mitano mpaka tulowe?”

Niliandika moja. Na nitasema ukweli hapa: nilijua mama anabipu. Nilijua sasa itampokea. Sentensi yote ilikuwa mdomoni. Sikuisema kwa sababu fundi alikuwa ameshasema mara mbili, na mimi mtu akisema mara mbili nanyamaza.

Kesho yake mama alibipu, stesheni ikapokea. Ikamlilia sikioni kama bata anayenyongwa.

“Mutoto, kuya usikiye. Iko inalia mubaya. Iko mugonjwa.”

Nilimwambia ni kawaida. Hakuniamini. Toka siku hiyo hakukata tena: aliweka simu juu ya goti, akaiombea stesheni mpaka salio lilipoisha, akilaumu mtandao kwa kulila haraka. Dakika hizo hizo kompyuta ya Mbarara ilikuwa inapiga na kukuta laini ina mtu. Ilijaribu mara tatu, ikaacha mpaka kesho. Hivyo wiki tatu. Namba za mvua hazikufika hata moja.

Jumatatu hiyo Mbarara tulifika saa sita. Mama alivaa kitenge cha kanisani. Bosi alikuwa na karatasi ya simu zote zilizoingia kwenye laini ya stesheni.

“Nyabo,” akamwita mama kama wanavyoita wanawake huku, “hii namba ya nani?”

“Yangu, shefu,” mama akasema. Alisema kwa furaha. Alidhani wameona jinsi anavyofika kazini mapema.

“Kila siku saa moja, na kompyuta yetu inakuta laini ina mtu! Unaongea na mashine nini?”

“Ninamusalimia, shefu. Na tangu agonjwe, ninamuombea.”

Walicheka wote waliokuwa ofisini. Mmoja alitoka nje kwenda kumalizia kucheka kwenye korido. Fundi alikuwa meza ya pili, akawa anafuta kioo cha kompyuta yake kwa kidole.

“Bosi, hawa watu wa kambi,” akasema, “bipu ndiyo dini yao.”

Nilimwangalia. Akaangalia kidole chake. Alijua, kama mimi nilivyojua.

Bosi akanigeukia. “Na wewe, msomi? Umekuja kusema kitu?”

Aliuliza vizuri, hakuwa na ukali. Alingoja. Nilikuwa na maneno kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: milio mitano, mlio mmoja, nani alisema, nani aliandika. Nusu dakika ingetosha.

“Hapana,” nikasema. “Nimemsindikiza mama.”

Mama akaweka ufunguo mezani. Bosi akautia kwenye droo, akasema watatafuta mtu anayeelewa mambo ya mitambo. Tulipokuwa mlangoni nikamsikia fundi, sauti ya chini: “Kesho nitapita Nakivale nirudishe milio mitano.” Bosi akasema sawa, bila kuinua kichwa. Mama hakuelewa. Mimi nilielewa.

Njia nzima mama alisema kitu kimoja tu: “Kumbe ni mie nilikuwa nafunga mulango.”

Kesho yake, saa moja kasoro, nilimwona amekaa kitandani na simu mkononi. Akaitazama. Akaifunika kwa shuka, akachukua jembe, akatoka. Jirani akaita kama kawaida, akauliza habari za mume wa chuma. Mama akaendelea na njia ya shambani.

Nilimfuata shambani. Nikamwambia yote nikiwa nyuma yake, maana usoni nisingeweza: tano, moja, fundi, mimi, na lile swali aliloniuliza bosi.

Jembe halikusimama. Alimaliza tuta, akanyooka, akashika kiuno.

“Jana ulikuwa na kinywa?”

“Ndiyo, mama.”

“Na leo unakileta kwa mahindi.”

Akaanza tuta jingine. Nilirudi nyumbani, nikavua yunifomu ya shule, nikachukua jembe la pili, nikaingia kwenye tuta lililokuwa mbali naye kuliko yote, nikalima mpaka jua likawa kali.