Usingizi wa Mchana Nyamongo

Nilipoondoka Matongo kwenda Mwanza kusomea kazi ya maabara, majirani walisema koti jeupe nitalivaa kweli, ila la buchani. Mjomba wangu alisema kichwa changu kimezoea ng'ombe, hakiwezi kukaa na vitabu. Mwingine alimwapia mama kwamba nitarudi kabla ya mavuno, tena na kesi ya mimba. Wote walikosea. Nililipa ada kwa kupiga pasi nguo za wanachuo wenzangu. Wao wamelala, mimi napuliza makaa. Nikarudi na stashahada, na hadubini niliyoinunua kwa jasho langu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo, na sioni aibu kulisema.

Nilipanga chumba Nyamongo wakati dhahabu imevuta watu kutoka kila kona. Waliniletea vinyesi kwenye viboksi vya kiberiti, nami nikawajua kwa vilivyomo ndani yao kabla ya kuzijua sura zao. Waliochimba peku walikuwa na safura. Minyoo imewanyonya mpaka viganja vyao vikawa vyeupe kama unga wa muhogo. Walioosha mchanga kwenye madimbwi walikojoa damu ya kichocho na kuona ni jambo la kawaida la wanaume. Unamwona mtu wa miraba minne anapanda ngazi ya shimo akihema kama bibi kizee, na anayemmaliza ni mdudu mwembamba kuliko uzi. Hilo ndilo lililoanza kunitia hofu. Vimelea havina haraka. Vinakula taratibu, na mwenye mwili anajiona mvivu tu.

Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, alikuwa mchimbaji wa usiku. Wachimbaji wa usiku walikuwa na sheria yao: aliyelala mchana haamshwi. Ukimwamsha, hata kwa bahati mbaya, unalinunulia kundi zima soda. Watu walipita mbele ya mabanda yao wakinong'ona. Hata mama aliwasifu waliolala kuliko waliokuwa macho, maana kulala mchana kulikuwa ushahidi wa kazi.

Kabla ya mvua, kundi lake lilimtuma upande wa Serengeti, jirani na hifadhi, akakate matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Alirudi na uvimbe shingoni. Alisema ni mbung'o, yule nzi wa porini, kamng'ata juu kidogo ya kola, akacheka kwamba nyati wa huko wana uvumilivu. Baadaye akapata homa. Duka la dawa likampa vidonge vya malaria. Homa ikaondoka, ikarudi, ikaondoka tena. Kwangu hakuja kupimwa. Alisema hawezi kumpa kaka yake raha ya kumtoboa kidole.

Alasiri moja alikuja kula kwangu pamoja na mwenzake wa shimoni. Nilikuwa nimesonga ugali na kupika dagaa. Katikati ya maneno mdogo wangu akanyamaza. Tonge lilibaki mkononi, mkono ukabaki hewani, mdomo umefunguka kidogo, naye amelala.

Mwenzake akacheka. "Mwache popo huyo. Ukimwamsha, soda ni za kwako."

Nikamuuliza jana usiku waliingia shimoni saa ngapi.

"Mimi niliingia. Yeye haingii siku hizi, kwani hujui? Mwenye shimo alishamwondoa zamani. Alikuwa anasinzia kwenye ngazi."

"Sasa usiku anakaa wapi?"

"Anazunguka tu. Anaongea na mbwa." Akaacha kucheka. "Sisi tulidhani ni bangi, kaka."

Kambi nzima ilikuwa inanyata mbele ya mtu anayekufa, kwa sababu kufa kwake kulifanana na uchovu wa kazi.

Nilimtikisa. Akafungua macho, akanitazama kama mtu asiyenijua, akanitukana kwa Kikurya tusi ambalo mdogo hamtamkii mkubwa wake. Nikamtoboa kidole, nikaiweka damu chini ya hadubini. Chuoni niliwahi kukiona kimelea nilichokikuta humo, kikiwa kimekufa na kupakwa rangi, na darasani mimi ndiye niliyekitambua wa kwanza. Sasa kilikuwa hai. Kilijipinda katikati ya chembe nyekundu za damu, kikizisukuma huku na huku, kama kambale kwenye dimbwi linalokauka. Nikasogeza kioo. Kikaonekana kingine, kisha vingine. Yalikuwa malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Nilijua kimelea kile kinakoelekea: kinatoka kwenye damu, kinaingia kwenye ubongo, kinageuza usiku kuwa mchana, mwisho mtu analala asiamke.

Hospitali yenye dawa ilikuwa mbali, na mali yangu yote ilikuwa vioo vya kupimia. Niliazima kila kitu. Mwenye bucha alitoa pikapu yake. Jirani alitoa chupa ya chai na sufuria. Mama mmoja muuza maharage alinikabidhi mbuzi wake, akasema tukikwama nimuuze, na tulikwama. Tulipopita Tarime, fundi cherehani, mzee wa Kiislamu niliyewahi kumpima mwanawe, alimwona mgonjwa amelala juu ya bati la gari, akaingia ndani akatoka na godoro lake na blanketi.

Daktari alikuwa kijana aliyehamishiwa kutoka kusini. Alivuta maji kwenye uti wa mgongo wa mdogo wangu, akayapima, kisha akaniita pembeni.

"Wewe ni mtu wa maabara, sitakuficha. Vimefika na huko."

"Na dawa?"

"Ipo, lakini nayo ni sumu. Wapo wanaouawa na dawa yenyewe. Ila bila dawa, huyu hutarudi naye."

Mama yetu, aliyefuatana nasi, aliniuliza daktari kasema nini. Nilimjibu kwamba kasema watamchoma sindano.

Dawa ile iliingizwa kwa bomba la kioo, maana plastiki haiihimili. Nilipoliona hilo nilitaka kumshika muuguzi mkono. Mdogo wangu alilia kwamba wamemtia moto kwenye mshipa. Baadaye akashikwa na degedege, akawa ananiita kwa jina la marehemu baba. Nilikaa nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Nzi yeyote akitua dirishani, nilisimama.

Alipoanza kutambua watu nilirudi Nyamongo, nikakuta habari imenitangulia. Hakuna aliyetaka tena kwenda kukata matimba, na shimo moja lilikuwa limeporomoka, bahati nzuri likiwa tupu. Wake wa wachimbaji walikuwa wanawaamsha waume zao mchana kutwa, kuhakikisha kwamba wanaamka, na wanaume wakapigana ovyo kwa kukosa usingizi. Foleni mlangoni kwangu ilifika barabarani. Nilimpata mwingine mmoja, mapema, vimelea vikiwa kwenye damu tu. Huyo anatembea leo kwa sababu yangu.

Mdogo wangu alipopata nguvu za kubeba mzigo, tulikwenda kuwalipa walionikopesha. Mwenye bucha alipata tanki la pikapu lililojaa mafuta, mama wa maharage alipata mbuzi mkubwa kuliko wake, jirani akapata vyombo vyake. Fundi wa Tarime alikuwa wa mwisho. Mdogo wangu alibeba godoro kichwani kutoka stendi, mimi blanketi, juani, tukampa mzee shikamoo.

Fundi alilipigapiga godoro. "Nililitoa la mgonjwa," alisema. "Sikutegemea mgonjwa mwenyewe ndiye alilete."

Akaenda kutafuta chai. Nikageuka kumwambia mdogo wangu neno, nikamkuta ameegemea ukuta, amefumba macho, kidevu kifuani. Ilikuwa adhuhuri. Nilimpiga begani kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Kaka, niache. Godoro zito."

Nikamuuliza leo ni siku gani. Akajibu. Nikamuuliza tumetoka kwa nani kabla ya hapa. Akajibu, akaongeza kwamba mimi ndiye ninayehitaji daktari. Fundi akarudi na chai, akauliza kama bado nadaiwa na mtu.

"Hakuna, mzee. Wewe ndiye wa mwisho."

Tulikunywa. Njiani kurudi stendi nilimwambia mdogo wangu kwamba Jumatatu namtoboa tena kidole. Aliingiza mikono yote miwili mifukoni, akatembea mbele yangu.