Sauti Inayokataza Chumvi

Kila asubuhi, kabla Shafii hajaenda kuchoma michopo yake ya nyama ya mbuzi kule Mulekera, simu ilimletea sauti iliyorekodiwa ya mama fulani. Kazi yake mama huyo ni kuwabembeleza wagonjwa wa tension, yaani presha ya damu, kama Shafii, waache mazoea mabaya. "Papa, leo chumvi uiache mu kopo." Hukohoa kidogo kabla ya kuitaja chumvi, kama anayetaja jina la mkwe. Shafii husikiliza kwa heshima, kisha hujitilia chumvi kwenye viazi vyake.

Siku moja alikuja mteja mwenye miwani iliyopandishwa utosini. Alionja nyama, akatafuna polepole, vidole vikipigapiga meza.

"Papa, niongezee kidogo..." Akakohoa. "Chumvi."

Shafii akafunika kopo. "Mama, leo uiache."

Mama akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akauliza kwa upole, kama anayeomba maji: "Na weye, unaiachaka?"

Shafii akalisukuma kopo nyuma ya jiko.

"Basi sema tena vile vile," akasema mama, akimnyooshea simu inayorekodi.

Asubuhi iliyofuata Shafii alisikia sauti yake mwenyewe ikimkataza chumvi. Mke wake akavuta kopo la chumvi kutoka mezani.

"Na huyu utamubishia je?"