Mshenga wa Chuo

Nina ulimi mtamu, na silisemi hilo kwa kujisifu. Laiti ningezaliwa bubu, binti wa jirani yetu leo angekuwa amevaa sare za uuguzi, si kusuuza vikombe vya supu kando ya njia.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu wakati ofisi ya kutafuta wanafunzi ilipotangaza kwamba inataka vijana wa kuingia mitaani. Wenzangu walipewa vipeperushi, wakasimama kivukoni kuwagawia wapita njia, na wapita njia wakavifungia karanga. Mimi sikutaka upuuzi huo. Nilikwenda majumbani, Likoni yetu hii hii. Nabisha hodi, naamkia wakubwa, naketi mkekani, naulizia wagonjwa, nanywa kahawa, halafu ndipo habari ya chuo inakuja kama iliyokumbukwa tu. Niliwaleta wengi kuliko wenzangu wote. Mkuu wa ofisi, bwana mmoja wa bara aliyefunga tai hata Jumamosi, aliwaambia wenzangu wajifunze kwangu namna ya kumshika mteja. Mteja! Na mimi sikushtuka. Nilifurahi, wallahi.

Jirani yetu huyo anauza supu ya pweza kwenye njia ya kivukoni. Bintiye tangu utotoni alikuwa akifuatana na nyanyake kule ufuo wa Shelly maji yakipwa, wakitafuta pweza mwambani, na alijua kila kilichomo kwenye vidimbwi: kipi kinauma, kipi kinajifanya jiwe. Alipomaliza shule alipata nafasi ya kusomea uuguzi, na barua ilikuwa imeshafika. Lakini chuo chetu kilikuwa na kozi ya viumbe vya bahari. Nilipomweleza, macho yake yalinijibu kabla ya mdomo.

Mamake hakuwa mwepesi. Aliitazama fulana yangu yenye jina la chuo, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, mbona hiki chenu chatembezwa? Nilicheka, nikampa maneno matamu. Nikarudi mara ya pili, na ya tatu, kama watu wanavyorudi kwenye posa. Mara hiyo ya tatu alikubali, akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi chuo sikijui, nakujua wewe," alisema. "Wewe ndiye mshenga. Pakiharibika, sendi kwao, naja kwako."

Nikamwambia inshallah hapataharibika. Na sasa acha niseme lile nililolificha. Wiki moja kabla ya siku hiyo, nikipanga vipeperushi ofisini, nilimsikia yule bwana wa tai akimwambia mwenzake kwamba kozi ya bahari haijilipi. Vifaa vya maabara ni ghali na wanafunzi ni wachache. Wakipatikana wa kutosha itaendelea, wasipopatikana itafungwa, na waliomo watahamishiwa kozi ya biashara. Nilisikia neno kwa neno. Nikajiambia, basi ndiyo sababu ya kumleta huyu, akiingia yeye na wengine kozi itapona. Nilijidanganya kwa uongo huo na ukanitosha.

Kozi haikupona. Alisoma mwaka mmoja, chini ya mhadhiri aliyelipwa kwa saa, maskini, aliyeingia darasani na begi begani na kutoka mbio kwa sababu ana darasa jingine chuo kingine kule Kisauni. Maabara waliingia mara mbili tu. Kisha ujumbe ukaja kwenye simu: kozi imesimamishwa, mwanafunzi ahamie biashara au aandike barua ya kuondoka. Hakuna aliyewaita akaketi nao. Tuliouliza tukajibiwa kwamba chuo lazima kijiendeshe. Sikatai, walimu wanakula na stima inalipiwa. Lakini hata mwenye duka akiishiwa mchele hukwambia ujaribu duka la pili. Hakupi sabuni akakwambia kapike.

Binti aliandika barua ya kuondoka. Nafasi ya uuguzi ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine, akarudi kumsaidia mamake kwenye supu. Na mimi mshenga nilifanya nini? Nilianza kupita uchochoro wa nyuma. Miezi mizima nazunguka msikiti ili nisiione sufuria ile. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa ameshazaliwa na anatembea, nami bado namkimbia.

Mahafali yalipokaribia tulipigwa picha na majoho yetu. Picha ni za nini, sikuambiwa. Haikupita wiki nikajiona njia ya kivukoni, juu ya bango kubwa la chuo, nimekenua meno, na chini yangu unapanda moshi wa supu ya jirani. Niliona aibu, nikageuza njia. Kesho yake, baada ya alasiri, nikaenda.

Nilimwamkia jirani, akaitikia vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniulizia mama yangu, akanipa kiti. Bintiye akanimiminia supu bila kunitazama. Nikaanza kuomba radhi, nikasema mambo ya chuo yamegeuka, nani angejua. Mama akanikatiza kwa upole, akasema nisijitese, mshenga si mjuzi wa ghaibu. Ningeweza kunyamaza hapo hapo. Alikuwa amenisamehe kosa dogo, kwa kuwa lile kubwa halijui.

Nikiwa nimeshika kikombe akaja mwanamke mmoja na mwanawe wa kiume aliyemaliza shule karibuni. Aliliangalia bango, akaniangalia mimi, akauliza kama si mimi yule wa pale juu. Nikasema ndimi. Akasema mwanawe anakitaka chuo hicho, je, ni kizuri? Ulimi wangu uliyajua majibu ya utamu, ungeyasema hata usingizini. Lakini binti alikuwa amesimama mbele yangu. Nikamwambia yule mwanamke aulize kwanza kozi anayoitaka mwanawe ina wanafunzi wangapi, na walimu wake ni wa kudumu au wa saa. Aulize ikifungwa mtoto atakwenda wapi, na jibu aandikiwe. Na kama ana nafasi kwingine, asiiache. Alinishukuru sana, akaondoka na mwanawe.

Binti aliuweka upawa chini.

"Dada," akasema, "maneno haya uliyajua lini?"

Mamake naye aligeuka, akaningoja.

"Kabla mamako hajakubali," nikasema.

Mama alikichukua kikombe mkononi mwangu, nusu yake sijainywa, akamwaga supu mchangani. Akakisuuza, akakijaza tena, akampa mteja aliyekuwa nyuma yangu.