Kengele Niliyoiunguza Mwenyewe

Simu ile nyeusi ya kuzungusha namba niliipata kiwanda cha kuchambua pamba kilipofungwa na vyombo vyake kuuzwa. Nilikuwa mtunza stoo pale. Kwa miaka mingi ilikaa sebuleni kwangu hapa Bariadi, bubu. Mwaka jana nikapata hamu ya kuisikia ikilia tena, na mtu wa kuifufua nilikuwa naye nyumbani: mke wa mwanangu, fundi wa redio na simu mwenye kibanda sokoni.

Kwetu Wasukuma wa malezi ya zamani, baba mkwe na mkamwana hawazungumzi hovyo. Kwa hiyo nilipomwomba aifufue, alinijibu kupitia mke wangu, nami nimekaa hatua tatu tu kutoka walipo.

"Mama, mwambie baba kengele hiyo haitaki umeme wa betri. Inataka umeme wa kwenda na kurudi, kama mara ishirini kwa sekunde, ndipo nyundo igonge huku na huku. Nitamtengenezea saketi ndogo ya kutumia chaja ya simu. Asubiri Jumamosi."

"Umesikia?" mke wangu akaniuliza.

"Mwambie nilikuwa napokea simu hii kabla hajazaliwa."

"Mwambie mwenyewe, mimi si mnara."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Ukweli ni kwamba adabu ile niliifanya kisingizio. Sikutaka kufundishwa na mtoto niliyemtolea ng'ombe wa mahari.

Ijumaa, yeye akiwa sokoni, nikaunganisha kengele na betri ya sola. Ikagonga mara moja tu, nyundo ikanata upande mmoja. Badala ya kuacha, nikachomeka waya kwenye inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Nyundo ikatetemeka, ikavuma kama nyuki, kisha moshi ukatoka. Koili moja ya waya ndani ya kengele ikawa nyeusi.

Jirani yangu mwenye duka akaingia akifuata harufu.

"Mzee, nini kinaungua?"

"Ni huyu mkwe wangu," nikasema. "Kaunganisha vibaya."

"Na spika yangu iko kwake!" Akageuka akaenda moja kwa moja sokoni.

Aliichukua spika ikiwa bado imefunguliwa, na sababu akaitaja mbele ya wateja. Wiki mbili zilizofuata mkamwana alikuwa akirudi nyumbani mapema, kwa kuwa hakuna aliyemletea kazi. Alikaa kwenye kigoda akiisuka upya koili yangu kwa waya mwembamba kama unywele, akihesabu mizunguko kwa midomo.

Kisha akafunga saketi yake, akachomeka chaja. Kengele ikalia, kali na safi, nyumba nzima. Mke wangu akapiga vigelegele.

"Mama, muulize baba kama ndivyo ilivyokuwa ikilia."

Nikajibu mwenyewe. "Ndivyo. Na niliyeiunguza ni mimi. Jirani nilimwambia ni wewe."

Akaendelea kuitazama simu. "Mama, mwambie baba najua. Akawaambie wao."

Asubuhi nikaenda dukani kwa jirani. Nikamsalimia mwangaluka, kisha mbele ya wateja wake nikasema kengele niliiunguza mimi, na mkwe wangu nilimsingizia.

Jirani akacheka, akawageukia wateja. "Mnamwona baba mkwe huyu? Anajitwika kosa la mkamwana wake! Wazee wa hivi wamebaki wangapi?"

"Nasema kweli. Hakuwepo hata nyumbani."

"Sawa, mzee wangu, tumeelewa. Una moyo."

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonisifu. Mama mmoja akanisogezea kiti. Spika, jirani akasema, ameshaipeleka kwa fundi mwingine.

Nikirudi nilipitia sokoni; mkamwana alikuwa kibandani kwake, amekaa bila kazi. Nyumbani mke wangu akaniuliza watu wamesemaje. Nikashindwa kumwambia kwamba wamenisifu.