Mwenyeji wa Kwenye Karatasi

Ukitaka kumuudhi Mama Ramani, mwambie hakijui kile kisiwa. Miaka thelathini na mmoja alikaa ghorofa ya pili katika ofisi ya upimaji, kwenye meza iliyoinamishwa karibu na dirisha, akichora kwa kalamu ya wino. Wenzake walichora miji na mashamba. Kisiwa kilikuwa chake. Wapimaji waliporudi na madaftari yao yaliyojaa mchanga, yeye ndiye aliyeyageuza kuwa mistari. Alijua kwamba kutoka gatini hadi mnara wa taa ni mita elfu moja na mia mbili, na kwamba kisima kiko upande wa kushoto wa njia, si wa kulia kama wajuaji fulani walivyoandika mwanzo. Hilo la kulia na kushoto alilisimulia mezani hadi chakula kikapoa, na si mara moja.

Jambo moja tu hakuwahi kulisimulia: kisiwa chenyewe hakuwahi kukikanyaga hata siku moja.

Hakudanganya kwa kinywa, hapo tumpe haki yake. Alianza kwa kusema "kule kisiwani kwangu", watu wakaelewa walivyoelewa, naye hakuwarekebisha. Jirani akimuuliza, "Kule nako kuna joto kama huku?" hujibu, "Joto liko kila mahali." Uongo wa namna hiyo hauna pa kuushika. Ukaota mizizi, na binti yake akakua akijigamba shuleni kwamba mama yake amekizunguka kisiwa kizima kwa miguu.

Basi alipostaafu, ofisi ilimpa saa ya ukutani na familia ikampa safari. Binti, ambaye siku hizi ni muuguzi na ana binti yake wa miaka tisa, alikuja na tiketi nne za boti.

"Hatuhitaji mtembezaji," alisema. "Mtembezaji tunaye humu humu ndani."

Mama Ramani akacheka kidogo, akaingia jikoni, akasimama kule bila kufanya chochote. Wiki nzima alitafuta visingizio, leo goti, kesho mvua. Mumewe, fundi viatu ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Soli, alimtazama juu ya miwani yake.

"Goti hilo limepanda ngazi za ofisi miaka thelathini," alisema. "Litashindwa na boti?"

Asubuhi ya safari mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyoogopa. Alishuka gatini na ramani yake mkononi, ile inayouzwa kwa wageni, na ramani haikumwangusha. "Mita mia tatu mbele kuna njia panda," alisema, na njia panda ikawapo. Alisema kuna shule ya zamani, shule ikawapo, tena na paa lake la bati. Mjukuu alihesabu hatua kwa sauti na kutangaza kwamba bibi ni mchawi.

Ila kuhusu kilima ramani ilimficha. Yaani ilimwambia, kwa mistari mitano myembamba ya mwinuko aliyoichora mwenyewe, lakini mistari haitoi jasho. Alifika mnarani akihema kama mvukuto.

"Ulikuwa ukipanda hapa kila mara, Mama?" binti aliuliza.

"Enzi hizo nilikuwa mwembamba," alijibu.

Huo ndio uliokuwa uongo wake wa kwanza wa mdomo, na ulitoka kirahisi ajabu. Wenzake wakageuka kutazama mandhari. Yeye aliinamia karatasi na kuwasomea urefu wa mnara.

Ndipo mjukuu akaweka kidole katikati ya ramani. "Bibi, hapa pa bluu ni nini?"

"Bwawa," alisema.

"Twende kwenye bwawa!"

Bwawa hilo halikuwapo. Miaka ishirini na minne nyuma, siku ya mwisho ya kukabidhi kazi, tone la wino wa bluu lilimdondoka likatua katikati ya kisiwa. Karatasi ile ilikuwa imemla miezi mitatu. Angeikwangua kwa wembe ingetoboka. Alikaa akilitazama lile tone dakika kumi, kisha akalizungushia mstari na kuliandikia kwa herufi za kulala, kama maji yote yanavyoandikwa: Bwawa. Mkuu wa ofisi akatia sahihi bila hata kuvaa miwani.

"Tutachoka bure," alijaribu kusema.

"Ni mita mia sita tu, Bibi. Nimepima kwa kidole ulivyonifundisha."

Njia ya mwongo ni fupi, husema wenyewe, na hii ilikuwa ya mita mia sita. Mama Ramani aliitembea kama mtu anayeitwa mahakamani. Mwishoni walikuta uwanja wa majani makavu, benchi la saruji, na kibao cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe: HAPA PALIKUWA NA BWAWA.

Mwanamke muuza madafu aliyekuwa kwenye benchi akawakaribisha. "Lilikauka," alieleza. "Kabla sijaolewa huku. Wanasema maji yake yalikuwa matamu, watu wakayagombania, likasusa likaondoka. Wageni walikuwa wakija na ramani kila siku wakitusumbua bwawa liko wapi, ndiyo tukaweka kibao."

Mzee Soli akavua kofia kama aliyefika msibani.

Hapo Mama Ramani angeweza kunyamaza kimya kama maji ya mtungi. Bwawa lilikuwa limekwisha kufa, kuzikwa na kuwekewa kibao, nani angelifukua? Lakini mjukuu alikuwa amekaa chini, uso wote kwake.

"Bibi, wewe uliliona likiwa na maji. Lilikuwaje?"

Mtoto alikuwa tayari kuamini chochote, na hilo ndilo lililomshinda. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuiona maishani.

"Halikuwapo," alisema. "Ni tone la wino. Lilinidondoka, nikalipa jina. Na mimi mwenyewe sijawahi kufika hapa. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Muuza madafu ndiye aliyetangulia kusema. "Mama, tafadhali, usiniharibie kibao changu."

"Mimi nilijua," akasema Mzee Soli.

"Ulijua nini?"

"Viatu vyako nimevitia soli mara kumi na tisa. Vinalika kisigino, kwa ngazi na lami. Mtu wa kutembea kwenye matumbawe soli yake huchanika pembeni. Yako haikuchanika hata siku moja."

"Na hukusema!"

"Ungenikasirikia."

"Ningekukasirikia," alikubali.

Binti hakucheka. "Darasa la tano shule ilituleta hapa," alisema. "Wazazi wa wenzangu walikuja. Nilikuomba, Mama. Nililia. Ukasema umekichoka kisiwa."

"Niliomba kuja na wapimaji mara mbili," Mama Ramani alisema. "Mkuu akaniambia boti haina nafasi ya wanawake, mwanamke ni wa mezani. Mara ya tatu sikuomba. Halafu wewe ukaja na barua ya shule. Nikajua nikienda utaniona napotea kama mgeni yeyote, mbele ya rafiki zako. Niliona haya, mwanangu."

Binti alikuwa na hasira, na mtu mzima akimkasirikia mama yake hajui aiweke wapi hasira hiyo. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo karatasi." Akaikunja, akaitia mkobani. "Tangu asubuhi umeona nini?"

Mama Ramani alifikiri. Alikumbuka mia tatu, mia sita, elfu moja na mia mbili.

"Sijaona kitu," alisema.

"Basi twende pwani. Njia ninaijua."

Walishuka taratibu, binti mbele, na safari hii Mama Ramani ndiye aliyeuliza maswali: ndege yule ni gani, mbona udongo huu ni mwekundu. Walipofika mchangani alivua viatu akampa mumewe, akasimama maji yanapoishia. Ukingo ule alikuwa ameuchora mara arobaini kwa mkono usiotetemeka, na hakujua kwamba wenyewe hautulii hata kidogo: unakuja, unafutika, unarudi pengine. Alicheka peke yake.

Binti aliinama, akaokota kombe dogo la baharini, akalipangusa mchanga.

"Siku ile ya shule nilikuokotea moja hapa hapa," alisema. "Kubwa, zuri. Kabla ya kupanda boti nikalirudisha majini."

"Kwa nini?"

"Nilidhani unayo mengi."

Mama Ramani akafungua kiganja.

"Sina hata moja," alisema.