Swali Ambalo Bi Maswali Hakuliuliza

Siku hizi mchumba akiletwa katika nyumba ile, huulizwa safari ilikuwaje, hupewa soda, na watu huanza kuzungumzia mvua. Halafu hupita kipande cha kimya, na kila aliye sebuleni anajua kimya hicho ni cha nani. Mwenye nyumba, dereva wa basi la shule aliyestaafu, hukohoa. Mkewe huinuka kwenda kuangalia jikoni kitu ambacho hakihitaji kuangaliwa. Na kile kiti cha mbao karibu na dirisha, chenye mto wa kijani, hukaliwa na mtoto yeyote aliyekosa mahali. Zamani hakikukaliwa ovyo. Kilikuwa cha dada yake dereva, shangazi wa watoto wote wa pale, ambaye familia nzima ilimwita Bi Maswali.

Jina hilo hakulipata bure. Aliyetaka kuoa au kuolewa katika familia ile alipita kwanza mbele ya kiti kile. Bi Maswali aliuliza taratibu, kama mtu anayechambua mchele, mawe upande huu, mchele upande ule. Kwenu nani huamka wa kwanza? Ukikasirika unanyamaza au unapiga kelele? Mwisho alimtazama mtu machoni na kuuliza lile swali lake ambalo watoto walikuwa wanaliigiza uani: "Haya, mwanangu. Kuna kitu unakificha, ambacho kesho utatamani ungetuambia leo?" Watu walicheka, mchumba akatokwa na jasho. Mmoja alikiri kwamba anakoroma. Mwingine alikiri kwamba ana mtoto. Wifi yake mwenyewe, mke wa dereva, alipoulizwa zamani hizo akiwa msichana mwembamba wa kuogopesha, alijibu kwamba hajui kupika na hana mpango wa kujifunza. Tangu siku ile wakawa chanda na pete.

Kazini maisha yake yalikwenda kinyume. Huko alilipwa kwa kutosema.

Alifanya kazi ghorofa ya nne, katika ofisi za bodi inayosimamia kamari, kwenye chumba cha simu. Waliopiga ni watu walioshindwa kujizuia na waliotaka kujifungia. Mtu akishajifungia, hakuna kasino wala duka la kubeti linaloruhusiwa kumpokea, wala mtandao wowote kumfungulia akaunti, hata aje analia. Zulia la chumba kile lilikuwa la kijivu, limelika chini ya viti vya magurudumu. Kati ya meza na meza palikuwa na ubao mwembamba uliofunikwa kitambaa, na mlangoni kabati la chuma ambamo simu za wafanyakazi zililala mpaka jioni. Karatasi haikuingia. Kalamu haikuingia. Mikoba ilikuwa ya plastiki inayoonyesha ndani, kwa hiyo wote walijua nani amekuja na ndizi mbili na nani anameza dawa za presha. Walikuwa wakitaniana kwamba wanalinda siri za nchi nzima, ila wao hawana siri hata ya chakula cha mchana.

Mkuu wao, mwanamke mfupi mwenye ukali uliochoka, aliwarudia wageni wa kazi somo lile lile. "Mke akipiga kuuliza kama mumewe yumo, hamsemi ndiyo. Hilo rahisi. Gumu ni hili: hamsemi hapana pia. Ukimwambia wa leo hapana, kwa sababu kweli hayumo, kesho ukimnyamazia mwingine utakuwa umeshamjibu."

Bi Maswali alilipenda somo lile. Aliona lina akili. Hakujua kwamba hajalielewa.

Simu yenyewe iliingia asubuhi moja ya kawaida. Jina la mpigaji hakuliona, kwani mfumo ulikuwa umepangwa hivyo: mtu alibonyeza namba za kitambulisho chake mwenyewe, kompyuta ikazimeza, na kwenye skrini ya Bi Maswali ikabaki namba ya jalada na nafasi ya neno la siri. Sauti ilikuwa ya kijana, nzito kidogo, inayoanza kila jibu kwa "kwa kweli, mama". Alieleza zaidi ya alichoulizwa, kama wengi wao. Kwamba anabeti akiwa amejifungia chooni kazini. Kwamba aliuza vifaa vya ofisi akasema vimeibwa, na mlinzi wa zamu akafukuzwa.

"Umemwambia mtu haya?" Bi Maswali aliuliza.

"Kwa kweli, mama, nakwambia wewe."

"Hapa ni siri yako. Haitoki mpaka uitoe mwenyewe. Nipe neno la siri, ambalo ukitupigia tena tutakujua kwalo."

"Kokoto."

"Kokoto? Hizi za ujenzi?"

Kijana akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Ni mtu, mama. Ndiye aliyenifanya nipige."

Aliandika Kokoto, akamtakia heri, akachukua simu iliyofuata.

Zilipita wiki nyingi. Binti wa dereva, mwuza dawa katika duka la dawa, alitangaza kwamba ataleta mtu. Huyu binti Bi Maswali alimlea nusu. Miaka ya sekondari alilala kwa shangazi yake kwa sababu shule ilikuwa karibu, na ndiye aliyejua shangazi analalia upande gani na nini humfanya alie. Mchumba alikuwa fundi wa friji. Alikuja na mjomba wake, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Karibu, baba," dereva alisema. "Barabara haikuwasumbua?"

"Kwa kweli, baba, haikuwa mbaya."

Bi Maswali, kwenye kiti chake, aliinua macho. Sauti zinafanana, alijiambia. Dunia imejaa vijana wanaosema kwa kweli. Akashika pindo la mto wake wa kijani. Mazungumzo yakaendelea, vicheko vikaanza kuzoeana, na binti akapita na sinia ya glasi. Mchumba akasogea kumpisha. "Taratibu, Kokoto," alimnong'oneza, lakini chumba kilikuwa kidogo.

"Nani Kokoto?" wifi alidakia. "Tumekupa mtoto mzuri, wewe unamwita changarawe?"

Sebule ilicheka. Mchumba, aibu tupu, akaeleza kwamba siku ya kwanza kumwona binti alikuwa amesimama mguu mmoja getini pa duka la dawa, akamtupia mkoba amshikie, ili atoe kokoto iliyoingia kwenye kiatu. Hata jina la anayemtupia hakuuliza kwanza.

"Huyo ni wa shangazi yake kabisa," dereva alisema huku akifuta machozi ya kicheko. "Haya, Bi Maswali. Uwanja ni wako."

Wote wakageuka. Watoto walikuwa wamejazana mlangoni kusikiliza lile swali.

Bi Maswali alilitafuta, akalikuta mdomoni, limekaa tayari. Lakini sasa halikuwa swali. Alikuwa na jibu lake mkononi. Akimuuliza huyu kijana anaficha nini, atakuwa anamwinda kwa kitu alichokabidhiwa. Akidanganya, yeye atajua. Akisema kweli, atakuwa amevuliwa nguo mbele ya watu na mtu aliyemwahidi kumsitiri. Aliona njia moja tu ya uaminifu.

"Mimi leo sina swali," alisema kwa sauti ya chini.

"Huna?" dereva alishangaa.

"Sina. Kijana ametulia. Mpeni soda."

Mtoto mmoja mlangoni akasema "Aaa", kama mpira umekosa goli. Wifi hakucheka. Alimtazama wifi yake, kisha mchumba, kisha tena wifi yake, na uso wake ukabadilika polepole.

Bi Maswali alipoinuka kwenda jikoni, wifi alimfuata na kufunga mlango.

"Wifi, mimi umeniuliza. Mwenye mtoto umemuuliza. Mpaka yule mchungaji ulimuuliza."

"Nimechoka leo."

"Hujawahi kuchoka. Wewe kazi yako ni ya wacheza kamari. Yumo?"

Bi Maswali alifungua bomba, akaanza kuosha glasi safi.

"Usiseme. Tingisha kichwa tu. Ni mwanangu, wifi, na ni mwanao."

"Sitingishi kichwa."

"Basi sema hayumo. Si rahisi? Kama hayumo, sema hayumo, twende tukacheke na wenzetu."

Na hapo, mikono ikiwa majini, ndipo alipolielewa somo la mkuu wake. Neno hapana lingetosha, na hakuwa nalo. Miaka yote amewauliza watu wote, na kwa kuwauliza wote alikuwa hajamshtaki yeyote. Leo amemruka mmoja. Kama angeuliza kama kawaida, kwa sauti ile ile na utani ule ule, kijana angejibu atakavyo, na siri ingebaki mahali pake. Aliyemtaja mbele ya watu ni yeye, kwa kutomuuliza.

"Siwezi kukujibu lolote," alisema. "Na hata huyo angekuwa hajawahi kuona karata maishani, ningekwambia hivi hivi."

"Umeshanijibu," wifi alisema, akatoka.

Wageni walipoagwa, dereva aliwasindikiza mpaka getini. Mkewe alikuwa amemnong'oneza. Bi Maswali aliwaona dirishani, akasikia sauti ya kaka yake, ile aliyokuwa akitumia kwa wanafunzi watundu ndani ya basi.

"Kijana, dada yangu anafanya kazi bodi ya kamari. Ametuambia kila kitu. Sasa sema mwenyewe."

Alikuwa anabahatisha. Bi Maswali aliinuka, akasukuma dirisha. "Kaka, mimi sijasema kitu. Sijamwambia mtu lolote."

Kijana alisimama akamgeukia. Ndani, Bi Maswali alikuwa amezungumza kidogo sana na kwa sauti ya chini. Sasa sauti yake ilimfika nzima, ile ya simu, na aliijua. Alimtazama dirishani kwa muda, bila hasira, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Kwa kweli, baba," alimwambia dereva, "niliahidiwa kwamba ni siri."

Hakuhitaji kuongeza neno. Posa ikafia pale getini.

Binti alikuja kwa shangazi yake siku chache baadaye. Hakuvua viatu. Alisimama katikati ya chumba alichowahi kulala.

"Shangazi, mimi nilikuwa najua. Alipopiga ile simu nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimemshika mkono. Tulipanga tuwaambie wazazi wenyewe, akishatulia. Ilikuwa yetu kusema."

"Sikumwambia mtu, mwanangu."

"Najua. Baba amekiri alibahatisha. Lakini ulikaa pale kama uko msibani. Ungeuliza tu, Shangazi. Tulikuwa tumejiandaa kwa swali lako. Tulilifanyia mazoezi, tukacheka."

"Alikwambia yote?"

"Yote."

Bi Maswali alimfikiria yule mlinzi. Yote ya nani? Ya kubeti tu, au na ya mtu asiye na kosa aliyerudishwa nyumbani bila kazi? Swali lilimpanda mpaka kooni. Lakini kuliuliza ni kulitoa, na halikuwa lake kutoa. Alilimeza, na mpaka leo halijashuka.

"Sasa anasema hawaamini tena watu wa bodi," binti alisema. "Anasema kama siri haikukaa, heri ajitoe kwenye orodha ya waliojifungia. Muda wa kuruhusiwa kujitoa ukifika, atajitoa. Mimi nimemwomba asifanye hivyo." Akashika kitasa. "Usinipigie kwanza."

Jumatatu Bi Maswali aliingia kwa mkuu wake.

"Nimevujisha siri ya mpigaji."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Mkuu alicheka, halafu akaacha. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasugua macho. "Nikiandika hivi hakuna atakayeelewa. Na nisipoandika, wewe ndiye utakayeshindwa kukalia kile kiti cha chumba cha simu."

"Siwezi kukikalia."

Kabla ya kukabidhi kadi yake ya kufungulia mlango alikwenda kuzima kompyuta. Namba ya jalada aliikumbuka. Kuandika namba tu, na angejua kama kijana bado amejifungia. Vidole vilikaa juu ya vibonyezo. Wenzake walikuwa wakizungumza chini chini na wapigaji wao, kila mmoja ameinamia ubao wake. Aliondoa vidole, akazima.

Binti na fundi walifunga ndoa ofisi ya msajili, na mashahidi wawili kutoka duka la dawa. Dereva aliipata habari kwa majirani. Ana kinyongo na dada yake mpaka leo, ingawa akiulizwa kosa lenyewe ni lipi, husema hajui. Wifi bado humtumia salamu, fupi, kwa simu.

Bi Maswali sasa anafanya kazi uani, nyuma ya jengo lile lile la bodi, katika ghala la mashine za kamari zilizokamatwa. Anakagua lakiri, ile mihuri ya kufungia, moja moja na kufunika kila mashine kwa turubai. Kadi aliyonayo sasa haifungui mlango wa ghorofa ya nne.