Udi wa Ijumaa

Mwanatatu msimdhanie mtu wa kupuuza maneno ya hospitali. Mumewe, Mzee Matano, alibeba mifuko ya saruji bandarini Kipevu miaka mingi, mpaka vumbi likamharibu mapafu. Aliporudishwa kwao Likoni na mashine ya oksijeni, muuguzi alikataza moto karibu naye. Basi Mwanatatu akahamishia jiko uani, akaficha viberiti, na shemeji yake mvuta sigara akawa anamjulia hali mgonjwa dirishani.

Lakini Ijumaa ni Ijumaa. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumwacha mumewe avae kanzu isiyofukizwa. Msikitini mzee hakuweza tena kwenda, ila alitaka kusali akiwa ameketi kitandani, naye ananukia.

“Nisipofukizwa malaika watanikimbia,” alimtania mkewe.

“Wataikimbia hiyo pua yenye mkia,” alijibu Mwanatatu, akiugusa mpira uliomletea mzee pumzi.

Akaleta chetezo, makaa mawili tu na kipande cha udi. Akakiweka sakafuni kati ya miguu ya mumewe, akaitandaza kanzu juu ya moshi kama siku zote. Udi ukaalika, ta! Cheche ikaruka.

Mwanatatu hakuuona moto ukianza, aliuona umeshafika. Mwanga mweupe ulipanda kanzuni, ukaudaka mpira, ukakimbilia usoni kwa mzee ukivuma. Akaung’oa mpira kwa mkono mtupu. Binti yao Swabra akachomoa waya wa mashine ukutani, akamgubika babake blanketi mpaka moto ukafa.

Sasa ikawa pumzi. Mzee alivuta hewa kama mtu anyonyaye tundu la sindano, midomo ikageuka kijivu. Wakamburuta na mashine yake hadi chumba cha mbele, Swabra akarudisha waya ukutani, akachomeka mpira wa akiba. Pumzi ikarudi, kidogo kidogo. Masharubu yalikuwa yameungua, na mdomo wa juu umevimba. Jirani alikimbilia gari la kuwapeleka hospitali.

“Mama,” Swabra aliuliza taratibu, “si muuguzi alikataza moto?”

Mwanatatu aliukodolea macho mkono wake uliobabuka, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

“Moto alikataza,” alisema. “Udi hakuutaja.”

Mzee Matano akanyoosha kidole, akamgusa mkewe gotini. Alikusanya pumzi kwanza.

“Hata mimi, mke wangu,” alisema, “sikuuona moto. Niliuona udi.”